Misandali ya Kilima cha Bisil

Mama yangu, ambaye nyumbani tulimwita yeyo, alikuwa akitia kipande cha gome la msandali ndani ya chai. Chai iligeuka nyekundu, na harufu yake ilitupata tukiwa bado zizini. Kisha watu wa malori, wafanyabiashara wa miti ya manukato, wakakijia kilima chetu nyuma ya Bisil. Waling'oa misandali na mizizi yake, usibaki hata mmoja.

Miaka mingi baadaye nilipata kazi katika bustani ndogo ya mimea karibu na Kitengela. Siku moja mkubwa wangu akaniambia kwamba bustani moja ng'ambo iko na misandali iliyooteshwa kwa mbegu za kilima chetu, zilizookotwa nikiwa mtoto. Walikuwa tayari kuturudishia mbegu. Ila walitaka wenyeji waulizwe kwanza, na sisi tukubali kutoziuza wala kumpa mwingine bila ruhusa.

Nililipeleka swali hilo Bisil mwenyewe. Kina mama walikutana katika kanisa la mabati. Mmoja wao, jirani yetu, akauliza kwa ukali, "Si hii ni miti yetu? Mbona tuwekewe masharti?"

Yeyo akainuka polepole. "Wale wa malori walimuuliza nani? Hawa wako mbali, na wameuliza. Mimi nimekubali."

Wakacheka, wakakubali wote.

Tulipotoka akanishika mkono. "Zitafika lini?"

"Vibali vinachukua muda, yeyo. Na lazima zikaguliwe, zisije na magonjwa."

"Ningependa kuonja tena kabla sijaenda."

Hakuonja. Tulimzika kiangazi kile, na mbegu zikafika mvua zilipoanza. Nilizipanda huku nikilia, peke yangu kwenye kitalu. Msandali haustawi bila jirani. Mizizi yake hunyonya kwenye mizizi ya mti mwingine, kwa hiyo kila mche niliuweka pamoja na mche wa mgunga. Hata hivyo mingi ilikufa. Iliyopona tuliirudisha kilimani, michache tukabaki nayo.

Mwaka jana bustani ya nchi jirani ikatuomba miche. Nilikuwa nimeizoea ile yetu, kila asubuhi naigusa majani. Nikamwambia mkubwa wangu tukatae.

"Si yetu kukataa," akasema. "Nenda ukaulize wenyewe."

Nikarudi Bisil. Yule jirani aliyepinga mwanzoni ndiye aliyenikaribisha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na sisi tukiishiwa tena," akauliza, "hao watatupa?"

"Watatupa. Ndiyo maana miti inakaa mahali pengi."

"Basi wape. Mama yako angewapa."

Nikamuaga. Nilipanda kilimani kabla ya kurudi Kitengela. Misandali ilinifikia kiunoni, kila mmoja na mgunga wake, na ng'ombe walikuwa wakiteremka kwenda kunywa maji. Mahali fulani chini yangu mwanamke akamwita binti yake kwa Kimaasai, akilivuta jina kama yeyo alivyolivuta langu. Nikageuka haraka, karibu niitike.

Alikuwa mama nisiyemjua, amebeba kuni. Akaniona nimesimama nikimtazama, akanisalimia, "Takwenya."

"Iko," nikamwitikia kwa Kimaasai, na nikampisha njia.