Konokono wa Bwawa la Kasokola

Mama Kasilda, afisa afya wetu, hapimi maji kwa macho. Saa sita mchana, wachunga ng'ombe wakiwa wanaogelea bwawani Kasokola, aliokota konokono ukingoni, akawatia kwenye glasi ya maji safi na kuiweka juani.

"Mama, maji yanang'aa hivi, kichocho kitoke wapi?" kaka yangu Shukuru alimtania, maji yakimfika kifuani.

"Subiri, mwanangu."

Tukakodoa macho. Vidudu vyeupe, vidogo kama vumbi, vikaanza kutoka kwa konokono na kuchezacheza ndani ya glasi. Vicheko vikakatika. Shukuru akatoka mbio, akijifuta kwa shati.

"Na mimi je, mama?"

"Huenda vimeshakuingia kupitia ngozi. Baada ya wiki kadhaa uje nikupime mkojo. Usipokuja, nakufuata hukohuko machungani."

Shukuru aliendelea kufuta miguu iliyokwisha kukauka.