Risasi Tatu kwenye Meza ya Cherehani

Kila ninapotia mafuta cherehani yangu hapa Gurei, pembeni mwa mji wetu, husimama kidogo nikajifanya natafuta sindano. Wateja wamenizoea. Wanadhani ni uzee wa macho. Kumbe ni pua. Harufu ile ya mafuta mepesi kwenye chuma chenye joto hunirudisha nyumbani kwetu, nikiwa na miaka tisa, mama yangu akimpigia baba kelele arudishe kopo la mafuta.

Kopo lilikuwa moja na wenye kulitaka walikuwa wawili, cherehani ya mama na bunduki ya baba. Waligombania lile kopo kama wake wenza. Cherehani tulirudi nayo kutoka Uganda, pamoja na Kiswahili chetu cha kuokoteza na vidole vitatu vya mkono wa kulia wa baba. Viwili vilibaki kule, kwenye mashine ya kupasua mbao.

Niseme mapema kwamba mimi nilikuwa mtoto wa ndani. Wenzangu wakienda kuogelea mtoni, mimi niko jikoni nalinda sufuria ambayo hakuna aliyetaka kuiiba. Na sikuwa mtoto wa maneno. Siku nzima ingeweza kupita nimesema "ndiyo" mara mbili, na zote kwa chakula. Baba aliniita Figa la Nne. "Jikoni ya watu iko na mafiga tatu," alipenda kuwaambia wageni. "Yetu iko nne, na hii ya nne inakula."

Baba alikuwa mwindaji. Vita vilikuwa vimeanza kuufunga mji, ng'ombe hawakuingia tena kama zamani, na nyama ilikuwa ni ile aliyoivusha yeye darajani kwa baiskeli, akitoka Gumbo, ng'ambo ya mto, na mapori ya njia ya Nesitu. Lakini bunduki yake ya zamani ilitaka uvute chuma nyuma kila baada ya risasi moja, na kwa vidole vitatu, akimaliza kuvuta, swala keshafika Nimule mpakani. Mjomba Tombe, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa akifuatana naye, na hakumhurumia.

"Shemeji," alimwambia mbele yetu sote, "wewe unawinda wanyama au unawafukuza?"

Ndipo Fundi Kenyi wa Gumbo, aliyetengeneza baiskeli, majembe na bunduki kwa nyundo ileile, akakubali kumuundia baba bunduki ya kujipakia yenyewe. Kitako angekichonga kwa mti wa msaji kulingana na bega lake, na pale pa kushikia angepalinganisha na vidole vilivyobaki. Lililobaki kuamuliwa, baba alitueleza, ni moja tu: bunduki hiyo itakula risasi ya ukubwa gani.

Jumapili moja baada ya kanisa akazipanga risasi tatu kwenye meza ya mama, juu ya kitenge kilichokuwa kikingoja mkasi.

"Ondoa mashetani yako kwenye nguo ya watu," mama akasema, lakini akavuta kiti.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nene kama kidole gumba cha mama. Ilikuwa ya bunduki ya zamani. Hiyo, swala akiipata hapigi hatua ya pili, na hata nyati ataiheshimu. Ubaya wake ni kwamba duka lililoziuza lilikuwa limefungwa, na baba alibakiwa na tisa. Ya pili ilikuwa nyembamba kama kalamu ya shule. Haiumizi bega, haiharibu nyama, ila swala hukimbia nayo akaenda kufia mbali majanini, na wewe umewindia fisi. Ya tatu ilikuwa ya kati, fupi, kama mtu mfupi mwenye mabega. Hiyo ilikuwa risasi ya askari. Ilimtosha swala, na mji mzima ulijaa nayo. Askari wenye njaa wangekupa kumi kwa paja moja.

Mjomba alitaka ile kubwa. "Mwanamume hawindi kwa vidonge!" Mama alitaka ile nyembamba, kwa sababu ndiye aliyemkanda baba bega kwa maji ya moto. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Baba alisikiliza tu, akitabasamu, kisha akanigeukia mimi, mlangoni mwa jikoni.

"Figa la Nne. Mlaji ni wewe. Sema."

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Chini ya kitanda changu nilikuwa na maganda kumi na moja ya risasi za askari, niliyoyaokota uani siku zile mji ulipopigwa. Kila ganda lilikuwa na jina, na jioni niliyafunika kwa vipande vya vitambaa. Nikanyoosha kidole kwa ile ya kati.

"Hii. Watoto wake ninao."

Baba alicheka mpaka akapiga meza na mashetani yakabingirika sakafuni. "Kalas, imekwisha! Figa imesema!" Akatangaza hapohapo sheria ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kabla: aliyechagua risasi hula ini la mnyama wa kwanza.

Nililila nyuma ya mlango, moto, nikaunguza ulimi. Shingo ilienda kwa Mjomba, kama desturi inavyotaka. Kwa miezi mitatu tulikula, tukagawia majirani, na mimi, mtoto wa ndiyo mbili kwa siku, nikawa siambiliki. Nilimwambia kila aliyepita kwenye ua wetu kwamba bunduki ile niliichagua mimi.

Kulikuwa na karatasi moja. Kibali cha baba cha kuwinda kiliitaja bunduki ya zamani na risasi yake ndefu. Alikwenda mara mbili kukibadilisha, akakuta kufuli kwenye mlango wa ofisi. Askari wa darajani walimjua, wakachukua paja lao wakacheka. Kisha wakaletwa wengine.

Mjomba ndiye aliyetusimulia. Siku ile alikuwa hatua chache nyuma, na baiskeli ya pili. Wale wapya walisoma kibali, wakafungua mfuko, wakatoa risasi zilezile zilizokuwa kwenye mikanda yao. Wakamuuliza alizipata kwa nani, na anawapelekea nani huko porini. Akiwataja waliompa, wangepigwa risasi. Asipowataja, yeye ni mwasi. "Ni ya swala tu," baba akasema. Mara ya pili wakamuuliza, akasema vilevile. Halafu akageuka, akamtazama Mjomba usoni kama mtu asiyemjua, macho yakapita. Ndipo Mjomba akaelewa, naye akapita akisukuma baiskeli yake.

Mama alipeleka chakula kila asubuhi kambini walikomfungia baba, bakuli limefungwa kwa kipande kilichobaki cha kile kitenge. Kila jioni bakuli lilirudi limejaa, nasi tukala chakula cha baba. Siku moja askari wa getini akamwambia, "Usijisumbue tena, mama." Alimwambia kwa upole. Huo upole ndio uliomwangusha.

Watu wa hadithi wangeyatupa yale maganda mtoni. Mimi mto ulikuwa mbali, nikayatupa chooni, moja moja, kila moja na jina lake. Tangu siku hiyo sikuchagua kitu. Aliyeniuliza chai au uji, nilimjibu chochote. Hata mume walinichagulia shangazi zangu, na haki ya Mungu walichagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi. Mama hakunilaumu, wala mimi sikumwambia nilichokibeba.

Vita viliturudisha Uganda. Huko, nikiwa na mtoto mgongoni, nilimkuta Fundi Kenyi chini ya turubai, anaziba pancha. Sijui kwa nini yeye. Nikamwambia yote: meza, kidole changu, daraja. Akaanza kucheka, akaona mimi sicheki, akaweka chini tairi.

"Mwanangu, mtutu nilikuwa nayo moja tu. Ya risasi ya askari. Bunduki ilikuwa karibu kwisha wakati huo, na baba yako alijua. Ile nyembamba aliazima kwangu. Nikamwuliza, ya nini? Akasema, kale katoto kangu hakaongei. Nataka kusikia katasema nini."

Mtadhani mzigo ulishuka. Ulishuka, ndiyo, na chini yake nikamkuta baba. Miaka yote ile nilikuwa nimemlilia kama mimi ndiye muuaji wake. Siku ile, chini ya turubai la watu, nilimlilia kama mtoto wake, na mtoto wangu mgongoni naye akaanza. Nilielewa kwamba pale mezani hakukuwa na la kuamua. Kulikuwa na mtu aliyeazima risasi, akaanzisha ugomvi wa uongo, akaacha chai yake ipoe, ili tu anisikie. Ningeonyesha ile kubwa, angecheka vilevile, akapiga meza vilevile.

Mafuta yakishaingia, naifuta cherehani na kukaa. Mteja akiniuliza, dada, tutumie uzi gani, naunyoosha mkono juu ya meza.

"Huu," namwambia. Nasema kwa sauti.