Hela Niliyoing'arisha

Sipendi ndimu. Mtu akinikamulia kwenye supu nasogeza bakuli pembeni, na akiuliza nasema ni tumbo. Tumbo langu halina kosa lolote.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja nje kidogo ya mji wa Mpanda. Nilipanga chumba mtaa wa Makanyagio, na kila asubuhi nilipanda baiskeli karibu saa nzima kufika kazini, huku wanawake wa njiani wakinicheka kwamba binti wa Kipimbwe amekosa mume kaoa baiskeli. Darasani nilikuwa na majina zaidi ya hamsini kwenye rejista na watoto ishirini kwenye madawati, tena hiyo ni siku njema. Mvua zikianza, watoto wa wakulima wanakwenda mashambani. Kiangazi kikiingia, watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma wanafuata ng'ombe. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuzoea. Aliniambia nifundishe waliopo na niache kuwalilia wasiokuwepo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kauli ile ilinikaa kooni wiki nzima.

Baba yangu, ambaye alikuwa katekista na mkulima wa mpunga, aliniachia kopo la maziwa ya unga lililojaa hela za zamani. Siku moja nililibeba shuleni kwa sababu tu sikuwa na kitu kingine cha kubeba. Chaki zilikuwa zimeisha na vitabu vilikuwa vinne. Nikazimwaga zile hela mezani. Wakati huo senti zetu wenyewe zilikuwa zimekwisha kufa. Hamsini ya sungura ilikuwa hainunui hata pipi, na watoto waliichezea kwenye vumbi. Wakaitambua, wakaitambua na ishirini ya mbuni, halafu wakakuta zile za mkoloni zenye tundu katikati, na shilingi yenye kichwa cha mfalme. Walisogea mpaka meza ikasukumwa ukutani. Kengele ililia na hakuna aliyetoka.

Ndipo nikaanzisha mchezo wangu. Kila mtoto alete hela moja isiyotumika, na ije na habari zake: nani aliishika, alinunua nini, ilifikaje Mpanda. Walileta. Mmoja alileta faranga ya Burundi ambayo mjomba wake aliipata kwa wakimbizi wa Mishamo alipokwenda kununua maharage, na siku hiyo tulisoma jiografia bila mtu kusinzia. Habari zikafika kwa watoto waliokuwa porini na ng'ombe. Wakaanza kurudi, wawili, watatu, wengine bila daftari lakini na senti mkononi. Nilimwomba fundi seremala atutengenezee kisanduku chenye kufuli, nikatangaza kwamba atakayeleta hela kongwe kuliko zote atakabidhiwa ufunguo. Nilijiona mjanja sana.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi na mbili, wa familia ya wafugaji, kichwa chepesi kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Hesabu alikuwa anazimaliza wakati wenzake bado wanachora mstari. Lakini alikuwa anakuja siku mbili na kukosa tatu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimlea mdogo wake, mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Nilitamani ule ufunguo uende kwake kabla hata hajaleta kitu. Asubuhi moja akaja, akafungua kiganja, na ndani yake kulikuwa na kitu cheusi, kimetobolewa, kinanuka samli.

Nilimwuliza ameipata wapi. Akasema bibi yake amempa, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa anauangalia ukuta. Nimefundisha miaka mingi, namjua mtoto anayezungumza na ukuta. Sikumwuliza mara ya pili. Nilitaka sana kuamini.

Nikatuma mtoto alete ndimu na jivu la jikoni. Mbele ya darasa zima niliikamulia ile hela ndimu, nikaisugua na jivu kwa kitambaa, nikaosha, nikasugua tena. Weusi ukatoka, samli ikatoka, na chini yake ikachomoza shaba ya njano, taji upande mmoja, mwaka 1916, na herufi T. Nikawaambia T ni Tabora, kwamba Wajerumani walipozidiwa na vita walitengeneza hela zao palepale Tabora, kwenye karakana ya reli. Watoto walipiga makofi. Nilimvalisha msichana ufunguo shingoni, na kwa wiki mbili hakukosa shule hata siku moja.

Halafu baba yake akaja. Alikuwa mtu mrefu, fimbo mkononi, viatu vya tairi, na alinisalimia kwa heshima zote. Alisema mtoto wake mdogo anaumwa homa kali. Yule mtoto alirithi jina la babu wa babu, aliyekuwa mpagazi kwenye vita vya Mjerumani, na hela aliyolipwa huyo mzee ndiyo anayovaa anayebeba jina lake. Kamba ilikatika, bibi akaiweka kwenye kibuyu mpaka apate kamba ya kufaa, na sasa kibuyu ni kitupu. Binti amekiri kwamba ameileta shuleni.

Nilichukua ufunguo shingoni kwa binti, nikafungua kisanduku haraka, nikampa hela yake. Aliigeuza, akaigeuza tena, akanitazama.

"Mwalimu," alisema, "hii ni mpya."

Nikamweleza habari ya ndimu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaifunga kwenye pembe ya shuka lake, akaondoka na binti yake. Ufunguo ulibaki mezani.

Siku zile kulikuwa na watu wanateremka kwenye treni kutoka Tabora wakitafuta rupia za Mjerumani. Walidai kwamba hela ya kweli ikiwekwa karibu na mchele inauvuta, na kwamba kuna tajiri anainunua kwa bei ya nyumba. Utapeli mtupu, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyepata utajiri. Kwa hiyo mwalimu anayekusanya hela za kale kupitia kwa watoto, halafu anarudisha kitu kinachong'aa ambacho hakuna anayekitambua, alihitaji kuelezwa na nani? Mji mzima ulikuwa umejieleza wenyewe kwamba ya kweli nimeiuza.

Nilikwenda kwao kesho yake. Bibi alikuwa amekaa na mtoto mapajani, mtoto macho yamegeuka, mwili unarukaruka kwa degedege. Yule mama mzee aliishika ile hela, akapitisha kidole gumba, akainusa. Akasema kwa Kisukuma, na mama wa mtoto akanitafsiria, kwamba babu hayumo humu. Nililia pale pale. Nikawaambia ni ileile, wallahi, Mkristo mzima naapa wallahi. Jirani mmoja akaleta ungo wenye mchele, wakaiweka hela katikati, wakasubiri. Punje hazikusogea. Zingesogea ningeshangaa kuliko wote.

Nilibembeleza mpaka sauti ikakauka mtoto apelekwe hospitali. Baba alisema ugonjwa huu si wa sindano. Mama ndiye aliyeinuka, akamfunga mtoto mgongoni bila kumwangalia mumewe, akakaa kwenye keria ya baiskeli yangu. Sijawahi kuendesha vile. Wodini walimtundikia dripu ya kwinini, na kila alfajiri nilipita kabla ya kwenda kazini kuangalia kama yupo.

Wakati mtoto amelala pale, nilifanya ujinga ambao hata leo nikiukumbuka nafunika uso. Nilimwomba baba yake ile hela kwa siku mbili, nikasema nataka kumwonyesha fundi athibitishe. Nikanunua samli sokoni kwa mama mmoja wa Kisukuma. Nikaipaka, nikaishika kwa koleo juu ya moshi wa kuni, nikaipaka tena, nikaizika kwenye jivu la moto, nikaichimbua. Nilitaka kuurudisha uchafu wa miaka themanini kwa siku mbili. Mama yangu mzazi alikuwa na medali ya Bikira Maria iliyokuwa nyeusi tii kwa jasho lake, na ningemkata mikono ambaye angethubutu kuisugua. Nililijua hilo, na bado nilikuwa nimekamua ndimu. Hela ilitoka na weusi wa masizi, unaoacha alama kidoleni. Nilipompelekea bibi, alitazama kidole chake kilivyochafuka, akatazama uso wangu. Kabla ya hapo walinishuku. Baada ya hapo walijua.

Mtoto alipona, kwa namna yake. Alirudi nyumbani anacheka, ananyonya, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelegea, hauinuki. Daktari aliniambia homa ilipanda kichwani, na kwamba angeletwa siku tatu mapema labda. Kwao hakuna aliyezungumza habari za siku tatu. Walizungumza habari za kibuyu na mkono uliokifungua.

Msichana hakurudi shule. Nilipita kwao mara nne na kila mara nilimkuta amembeba mdogo wake, ule mkono uliolegea ukining'inia begani kwake. Hakuwa akinisalimia. Mama yake aliniambia kwamba binti hali chakula mpaka wenzake wamalize, na usiku anaushika ule mkono, anaukanda, anaukanda, mpaka mtoto analia. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtoto wa mtu. Kisima chao kilikuwa kirefu, na nilikuwa nawaza kisima.

Kikao cha ukoo kiliitwa Jumapili moja baada ya misa. Niliitwa pia. Njia nzima nilipanga maneno ya kumrudisha darasani: kwamba mtihani wa la saba hauko mbali, kwamba atakuwa nesi, atakuwa daktari, atawatibu wote. Nilifika nimejiandaa kama wakili. Wazee walikaa kwenye vigoda kando ya zizi, bibi kwenye ngozi, na msichana alisimamishwa katikati na mtoto mgongoni. Mzee mmoja aliiweka ile hela kwenye jani, chini, mbele ya miguu ya binti.

Alimweleza taratibu, bila ukali, na upole ule ndio ulionitisha. Alisema mambo ni mawili tu. Kama hii ndiyo hela aliyoitoa kwenye kibuyu, basi yeye kwa mkono wake alimpeleka babu akaoshwe kama sufuria, babu akaondoka, na alipoondoka aliondoka na mkono wa mtoto. Kama siyo, basi kuna mtu mwingine mwenye kosa, na yeye alikuwa mtoto aliyedanganywa. "Sasa tuambie," alisema. "Ni yenyewe?"

Msichana alikuwa ameniona nikiisugua tangu mwanzo. Alifungua mdomo, akaufunga. Niliona anakwenda kusema ndiyo. Alikuwa mkweli yule, kasoro mara ile moja na ukuta.

"Siyo yenyewe," nikasema mimi. "Niliiuza. Hiyo ni nyingine, nilinunua."

Nilijisikia nikisema, na maneno yangu yote ya mtihani na unesi yakayeyuka. Hakuna aliyenipiga. Mwanaume mmoja alisimama, baba mtu akamshika shuka akamkalisha. Waliniuliza nilimuuzia nani, nikasema mtu wa kwenye treni, simjui. Wakanitoza mbuzi wawili wa kumwitia babu upya. Baba wa binti alinisemesha mara ya mwisho, akiwa ananitazama kifuani kana kwamba uso haukuwepo.

"Nyie walimu tuliwapa watoto," alisema. "Huyu wangu hatasoma tena. Siwezi kumpeleka kwa mwizi akafundishwe."

Nilijua atasema hivyo. Nilijua sekunde ileile nilipofungua mdomo, na hata sasa sijui kama kulikuwa na neno la tatu ambalo mtu mwenye akili kuliko mimi angeliona. Nilichukua baiskeli yangu pale ilipoegemea boma. Niliikokota, sikuipanda.

Nilifika kwenye njia panda ya kisimani nikasikia mtu anakuja nyuma. Alikuwa yeye, anahema, mtoto anarukaruka mgongoni. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anavyosimama mbele ya mbwa asiyemjua.

"Mwalimu, kweli uliiuza hela yetu?"

"Niliiuza."

Nilitazama uso wake ukibadilika polepole, taya zikilegea, macho yakijaa.

"Kumbe si mimi," alisema.

"Si wewe," nikamwambia.

Akafuta macho kwa kiganja. Halafu akatema mate kando ya gurudumu la baiskeli yangu, akamweka mdogo wake sawa mgongoni, akarudi kwao akitembea haraka, na mimi sikumwita.