Mafuta mu Kofre ya Baba Mukubwa

Siku ile, mu parseli yetu ya Songo, kiwanja chetu karibu na ziwa, tulikuwa hawa: mama yangu Feza, aliyekuwa jikoni tangu alfajiri, dada yangu Esperanse, ambaye angeolewa kesho yake, baba mukubwa Byamungu, kaka wa marehemu baba yangu, mwenye gari, nyanya Nabintu, mama wa mama yangu, aliyefika toka Lubarika na mfuko wa unga wa muhogo, Mwamini wa jirani, rafiki yangu, na minye Riziki, mutoto wa mwisho, miaka kumi na saba. Nawaona wote kama walivyokuwa. Leo nimebaki minye, na labda Mwamini, kama Mungu amemtunza huko aliko.

Ninawataja kwa sababu yako, Neema, mujukuu wangu. Juma lililopita ulinipigia simu sauti imekauka: mafuta ya moteri yamemwagikia tapi ya kofre, zulia la kule nyuma kunakowekwa mizigo, mu gari ya mume wako, naye atarudi jioni. Hukuniuliza jinsi ya kuyatoa. Uliniuliza ufunike na nini. Mambo ya kusafisha nilikuambia palepale. Haya mengine simu haiyawezi, ndiyo maana nayaandika, na mwingine akiyasoma yatamfaa.

Mwanangu, gari ilikuwa moja tu mu jamaa letu, nyeupe, ya baba mukubwa. Ndiyo ingepeleka mizigo ya Esperanse kwa wakwe zake Nyakabere. Na kwetu mizigo ya bibi arusi haipokelewi kimyakimya. Shangazi za mume wanakaa kwenye mukeka, wanafungua furushi mbele ya watu wote, wanatoa vikwembe, vitenge vyake, kimoja kimoja, wanakinyanyua juu, na kila mtu anatazama. Kikwembe kikiwa kizuri, vigelegele. Kikiwa na doa, hakuna atakayesema kitu siku hiyo. Watasema kesho yake, na mwaka utakaofuata, mpaka huyo mwanamke awe na wajukuu. Esperanse alikuwa na kikwembe kimoja cha manjano, chenye ndege wadogo wa bluu, alichonunuliwa na baba kabla hajafa. Hakuwahi kukivaa. Alikuwa anakitunzia siku ya arusi.

Asubuhi baba mukubwa aliniita. "Riziki, fagia kofre. Hiyo bido ya mafuta itoe, uisimamishe kivulini. Nimesema uisimamishe, usiilaze."

"Ndiyo, baba mukubwa."

Nilisema ndiyo huku macho yangu yako barabarani, maana Mwamini alikuwa anakuja na viatu vya kisigino vya dada yake, amevificha ndani ya kikapu ili tuvijaribu. Nikailaza bido, lile dumu la mafuta ya moteri, palepale kwenye tapi, nikasema nitaitoa baadaye kidogo. Tukaenda nyuma ya nyumba. Tulitembea na vile viatu kama bata, tukacheka mpaka mama akagonga sufuria na mwiko kutunyamazisha. Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimelegea, na mafuta, mapya, rangi ya asali, yameingia mu tapi. Doa lilikuwa kama kiganja cha mkono.

Kiganja tu, mwanangu. Likumbuke hilo.

"Twende ziwani," Mwamini akasema. "Hakuna uchafu ziwa linashindwa."

Sisi watoto wa ziwa ndivyo tulivyolelewa. Sufuria inaoshwa kwa mchanga wa ziwa, mukeka vilevile, samaki vilevile, na mutoto mwenye kiburi vilevile. Tukakunja ile tapi, tukapita njia za nyuma, tukaitumbukiza majini, tukaimwagia mchanga, tukasugua kwa magoti na viganja. Mafuta yakatandaa juu ya maji yakimetameta rangi zote, yakaelekea kwa kina mama waliokuwa wanaosha sahani.

"Enyi wasichana!" mmoja akapiga kelele. "Leo munatupikia na mafuta ya gari?"

"Waache," mwenzake akajibu. "Huyo ni mutoto wa Feza, kesho wako na arusi. Labda ndiyo mboga yenyewe."

Tulikimbia na tapi kichwani, maji yakitutiririka mgongoni. Tulipoitandaza nyumbani, doa halikuwa tena kiganja. Lilikuwa sinia, na mchanga umejikamata ndani yake. Niliirudisha hivyohivyo mbichi mu kofre, nikaweka nailoni juu, na mukeka juu ya nailoni, nikafunga. Saa sita mama akaniambia nipakie mizigo mapema. Nikapakia. Furushi la vikwembe vya Esperanse, lililofungwa ndani ya shiti nyeupe, nililiweka juu ya ule mukeka kwa mikono yangu miwili. Nilijua ninachofanya. Hapo ndipo moyo unaniuma mpaka leo, si pale kwenye viatu.

Nyanya Nabintu alikuwa amekaa karibu na gari, anachekecha unga. Akatazama chini ya gari, akatazama tena.

"Riziki. Hii gari iko inakojoa?"

Mwamini alicheka. Minye sikuweza. Matone yalikuwa yanaanguka chini ya kofre, moja, moja.

Nyanya akasimama, akafungua mwenyewe, akanyanyua furushi. Shiti ilikuwa imelowa upande wa chini, na ukingoni kulikuwa na mstari wa rangi ya asali. Akaifungua taratibu, akaingiza vidole. Mafuta yalikuwa yamebakiza kunjo moja tu yafike kwenye kikwembe cha manjano. Kunjo moja, Neema.

Hakunipiga. Alisema, "Ninyi watu wa ziwa, kila kitu munakitupa mu maji. Mafuta hayaogopi maji. Yanapanda juu yake na kutembea." Kisha akasogea, akasema kwa sauti ya chini: "Mafuta uliyamwaga bila kujua, hilo ni bahati mbaya. Lakini furushi la dada yako uliliweka ukijua. Hilo weye utaliita nini?"

Nikaanza kushusha mizigo.

Tulitoa tapi, tukaikamua, tukaitandaza juu ya mawe juani mpaka ikakauka, kwa sababu alisema kitu kilicholowa hakiwezi kunywa kingine. Kisha akachukua zile chenga za muhogo zinazobaki mu chekeche, akazimwaga juu ya doa, nene, akanikataza kusugua. "Kandamiza tu. Acha zinywe." Tukaweka ubao na mawe juu. Tulipoziondoa zilikuwa zimegeuka za kahawia, zinashikana kama bugali. Tukamwaga nyingine. Mara tatu. Baadaye ndipo ikaja sabuni, na maji ya moto kidogo tu kwenye bakuli, na burashi, kutoka pembeni kwenda katikati ili doa lisitembee, na kitambaa kikavu cha kupangusa kila mara. Doa halikuisha kabisa. Lilibaki kama kivuli.

"Sasa," akasema, "jua halijazama. Nenda kwa baba mukubwa wako."

"Nyanya, mwambie weye."

"Minye nilimwaga?"

Nilimkuta baba mukubwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo. Nilimwambia yote, na viatu, na furushi. Alinigeukia, povu nusu ya uso. Kisha akashusha wembe. "Kile kifuniko," akasema, "ni kibovu tangu mwezi uliopita. Ndiyo maana nilisema usiilaze. Ilinipasa nikuambie na sababu."

Nyanya alikuwa nyuma yangu, sikujua. "Basi muko wawili," akasema. "Weye nyoa, kisha uje ukandamize kitambaa kikavu na mwenzako."

Akaja kweli, mwanaume mzima, shavu moja lina ndevu, tukakandamiza pamoja.

Kwa Esperanse nilikwenda mwisho. Yeye alinitazama sana, kisha akauliza kitu kimoja: "Cha baba kimeguswa?" Nikasema hapana. Akageuka ukutani, akalia kidogo, halafu akaniambia nimsuke nywele.

Asubuhi tapi ilikuwa bado na unyevu, kofre ikaenda tupu, mizigo mingine tukaibana kati ya viti. Furushi nililipakata minye, toka Songo mpaka Nyakabere, na mashimo yote ya barabara ile, miguu imekufa ganzi, na kila mara Esperanse anageuka kutazama kama bado nimelishika. Shangazi za mume walipokinyanyua kile cha manjano, wale ndege wa bluu kama wataruka, vigelegele vilinifanya nisisikie kilio changu mwenyewe.

Kwa hiyo, Neema mwanangu, na weye mwingine unayesoma: ukimwaga, usikimbilie maji wala usisugue kwa hasira. Weka kitu kikavu kinywe, uwe na subira. Na kabla hujafunika, kumbuka kwamba kuna mtu ataweka kitu chake cha thamani juu ya hapo ulipofunika, akikuamini. Mwambie mapema, doa likiwa bado kiganja. Mungu ampe mume wako masikio ya kusikia, na akupe weye ulimi usiochelewa. Nyumba yako ikae na amani, na mizigo yako ifunguliwe mbele ya watu bila aibu.

Kama nimekosea kitu, munisahihishe. Labda ilikuwa mara nne za chenga, si tatu. Labda viatu vilikuwa vya Mwamini mwenyewe. Mwamini, ukiwa hai, uniambie. Ila rangi ya kikwembe musiiguse. Esperanse aliniachia kikwembe chenyewe alipotutoka, na ninavyoandika kiko hapa magotini mwangu, mahali nilipokishika siku ile.