Kikundi cha maigizo kilinifanya hawara wa mzungu mbele ya mama mkwe, nikaingia uwanjani

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za mihangaiko. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sijaongeza, ilikuwa nayo ya kutosha.

Uvumilivu wangu uliisha chungwa lilipodondoka.

Ilikuwa siku ya gulio hapa Kiberege, kikundi cha maigizo kinaonyesha igizo pale wazi pembeni ya soko. Anayecheza nafasi yangu ni mwanaume. Kajifunga kanga, matako kayajaza matambara, kifuani kaweka machungwa mawili. Anamtingishia kiuno "mzungu", ambaye ni mwenzake kajipaka unga usoni.

Chungwa moja likachomoka, likabingirika hadi kwenye mkeka aliokaa mama mkwe wangu.

Watu walicheka wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka. Alilitazama lile chungwa, kisha akanitazama mimi.

Ngoja nirudi nyuma mnielewe.

Mwaka jana nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba moja kubwa la mpunga huku bondeni, jina silitaji. Nina kidato cha nne, hesabu zangu ziko sawa, kazi niliiweza. Mtoto alikuwa ananyonya. Wifi yangu alikuwa anamleta mpaka getini saa saba mchana, natoka, namnyonyesha, narudi. Hiyo ni haki ya mama kisheria, siyo hisani ya bosi.

Siku moja msimamizi wetu, mzungu, akanikuta narudi, maziwa yamelowesha fulana. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mbele ya wapakiaji na madereva:

"Nyinyi wanawake weusi mnazaa kama mbuzi, halafu mnakuja kuninukia ofisini."

Wanaume wakacheka. Wabongo wenzangu, weusi kama mimi.

Nikaenda kwa mnyapara kulalamika, akaniambia mzungu anatania tu. Kesho yake nikahamishiwa kwenye maturubai ya kuanikia mpunga, juani kutwa nzima, na ruhusa ya kwenda getini ikafutwa. Nikaacha kazi.

Mtaani ikasemwa nimefukuzwa kwa kutembea na mzungu. Mume wangu yuko Kidatu anakata miwa, alinisikiliza akaniamini. Mama yake hapana. Tangu hapo hajaonja hata maji ya kwangu, wala hajambeba mjukuu wake.

Ndipo kikundi kikaja. Kiongozi wao, tumwite Deo, alikuwa anazunguka kukusanya visa vya wanawake waliodharauliwa kwa rangi yao na kwa uanamke wao. Nikasema yangu haya hapa. Nilikaa naye kwenye benchi mchana mzima, nikamweleza yote, pamoja na yale maneno. Akaandika kwenye daftari, akasema watu lazima waisikie hii.

Mimi huyo mbio kwa mama mkwe. Nikamwomba aje gulioni, nikamwambia ataona ukweli kwa macho yake.

Kumbe jamaa kwenye mazoezi wakaona kisa hakichekeshi. Wakatoa maneno ya bosi, wakatoa maziwa, wakaweka kiuno. Na wana dada wawili kwenye kikundi! Wote wamepewa kucheza majirani wambea.

Haya, turudi kwenye chungwa.

Vikundi hivi vina utaratibu wao. Katikati ya igizo mmoja anasimamisha, anawauliza watazamaji wameona nini. Ukiona mhusika kakosea, unaingia uwanjani, unashika nafasi yake, unaonyesha alivyopaswa kufanya. Kazi hiyo alikuwa nayo Deo. Akasimamisha, akauliza nani ataingia amsaidie mama huyu aliyepotoka alinde ndoa yake. Nadhani alitegemea mzee fulani aje na mawaidha.

Nikasimama, mtoto mgongoni.

Deo akaanza kusema dada subiri kidogo. Nikamwambia, "Utaratibu ni wa kwenu. Nimeona kosa, nimeingia."

Yule wa machungwa nikamwonyesha pa kukaa. Wa unga nikamwambia abaki, nina kazi naye.

Nikamtaka aseme yale maneno. Akasema hayajui. Nikayasema mimi, nikamwambia rudia. Akarudia. Nikaigiza mizani, nikaigiza geti, nikaigiza maturubai. Mtoto naye akaanza kulia kweli.

Mama mkwe akainuka mkekani, akaja moja kwa moja. Nikajua leo nakula kofi hadharani.

"Hiyo siku ya turubai, mtoto alinyonya?"

"Hakunyonya mama. Wifi alirudi naye analia mpaka nyumbani."

Akaifungua kanga mgongoni kwangu yeye mwenyewe. "Mlete huku, uongee vizuri."

Nikamalizia mgongo ukiwa mwepesi.

Mngedhani yameisha. Jioni Deo ananitumia meseji kwamba nimewaharibia shoo, kwamba watu wakicheka ndipo ujumbe unafika, na Ifakara wataonyesha lile lile la machungwa. Nikamjibu: sawa.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Ifakara, ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Dada wa mapokezi akaniuliza mara mbili kama kweli nalalamikia igizo. Nikamwambia ndiyo, na nakala yangu ya barua naomba igongwe muhuri.

Nilichojifunza ni kwamba ukimpa mtu kisa chako, mwambie kabla hajafunga daftari kuwa atakuja kukusomea alichokitengeneza. Mimi sikusema. Kosa langu ni hilo tu, mengine siyabebi.

Dada zangu mliodharauliwa kazini, au mkageuzwa kichekesho jukwaani, wekeni yenu hapa chini. Anayetaka kuniuliza siku ya maneno ya mzungu nilivaaje asijisumbue: fulana ya kampuni.

Barua yenyewe hii:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA IGIZO LILILOPOTOSHA MAELEZO YANGU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kiberege. Nilitoa maelezo yangu kwa kikundi hiki kwa hiari. Kikundi kiliondoa maneno ya kibaguzi niliyotamkiwa kazini, kikaniigiza kama mwanamke aliyemfuata bosi. Sikuridhia.

Naomba igizo hili lisionyeshwe Ifakara mpaka maneno hayo yarudishwe kama yalivyotamkwa, na nafasi ya karani wa mizani ichezwe na mwanamke.

Endapo kikundi kitasema hakina mwanamke wa kuiweza, niko tayari kuicheza mwenyewe. Mtoto atabaki na bibi yake.