Nimesifu Udi Ambao Haujatiwa Motoni

Leo nimeusifu udi ambao haukuwepo.

Alasiri mjukuu wangu Nuru aliniletea chetezo kitandani, kama kawaida. Makaa yalikuwa mekundu. Nikafumba macho, nikavuta pumzi.

"Mashaallah! Huu ndio udi. Si marashi yenu ya chupa, yananuka dawa ya choo."

Nuru akakiweka chetezo chini.

"Bibi, udi bado ninao mkononi. Sijautia."

Miguu hainibebi tena, ningekimbilia wapi? Nikakodolea macho boriti za dari.

"Tangu lini hunusi?"

"Mwaka wa pili sasa."

Na muda wote huo nimeyasema marashi yake mbele ya wageni, hata akaacha kujipaka akija kwangu. Niliogopa wakijua pua imekufa, watanihesabu nami nimekufa.

Mimi, mwalimu niliyechapa watoto kwa kusema uongo! Sina siku nyingi, sitaki kuzikwa nao.

"Kajipake," nikamwambia, "kisha uje uniambie yananukaje."

Akarudi, akakaa karibu nami, akafikiri.

"Dawa ya choo, Bibi."

Tumecheka mpaka nikakohoa.

Nanyi wengine niliowasema kwa marashi yenu, naomba radhi. Niandikieni hapa chini kama mmenisamehe, niyasome majibu yenu kabla macho nayo hayajaifuata pua.