Maneno Kumi na Mawili Niliyompa Mdogo Wangu

Mtu akiniambia leo kwamba pesa za mtandaoni huibiwa na wezi wa mtandaoni, namcheka usoni. Za kwangu hazikuchukuliwa na mtu wa mtandao. Aliyezichukua alikuja kwangu wiki ileile, akala ugali wangu, akaomba aongezewe mboga, na mimi nikamwongezea.

Nina duka la vitenge mjini, Kashaulili, lakini kwetu ni kijijini Mwamkulu. Baba alihamia huko na ng'ombe akitokea Usukumani, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama, na mdogo wangu wa kiume akazaliwa hukohuko. Mwamkulu watu wanalima mpunga, halafu wakishavuna wanaanza kuteseka nao. Unaupakia kwenye pikipiki au kwenye mkokoteni wa ng'ombe, unaupeleka mjini kukoboa, unapanga foleni, na mwenye mashine anakuangalia kama umekuja kumwomba chumvi. Mama yangu amelala juu ya magunia yake barazani kwa watu, mtu mzima yule, akiogopa yasibebwe. Nilipoachika na kurudi nyumbani nilijiapiza kwamba nitanunua mashine ya kukoboa, niifunge Mwamkulu, karibu na kwetu. Kila nilichoweka akiba tangu hapo kilikuwa cha mashine. Sikujenga, sikununua kochi, hata meno yangu sikuyatibu.

Kripto ilinijia kupitia biashara. Jirani yangu wa duka, mama mmoja Mwislamu mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alikuwa analipia mzigo wake wa nje kwa dola za mtandaoni, zile sarafu ambazo bei yake inakwenda pamoja na dola ya karatasi. Akaniambia, "Shoga, mashine yako inatoka nje, bei yake wanaitaja kwa dola, na wewe unaweka shilingi. Kila ukifika, mashine imesogea mbele. Utaifukuza mpaka lini?" Nikaona ana hoja.

Lakini mimi si mtu wa kurukia vitu. Kabla ya kununua hata sarafu moja nilitaka kujua nitaiweka wapi. Wenyewe wanapaita waleti, na waleti ziko za namna nyingi, na kila mtu anakusifia ya kwake. Njia ya kwanza ni kuziacha kwenye kampuni ileile uliyonunulia. Hiyo niliikataa siku nilipomkuta jirani yangu analia kwa sababu akaunti yake imefungwa, anaambiwa asubiri uhakiki, mzigo wake umekwama bandarini. Funguo wanazo wao, wewe unaonyeshwa tarakimu tu. Njia ya pili ni programu ya kwenye simu. Ni ya bure, na funguo unashika mwenyewe. Lakini simu yangu mimi? Wateja wanaishika kuangalia picha za vitambaa, nimeshaiangusha kwenye ndoo, na nimeshaporwa moja stendi mchana kweupe. Nikasema hapana.

Nikachagua kifaa. Ni kadude kadogo kama flashi, hakakai mtandaoni, na pesa haitoki mpaka ukabonyeze mwenyewe kwa mkono wako. Niliagiza kwa wakala Dar es Salaam, kakaja kwenye basi kama parseli. Nilikagua nailoni yake upande kwa upande kuona kama kuna mtu amekifungua. Wakala akanipigia simu kuuliza kama mzigo umefika, nikamjibu umefika ila bado nauhoji. Nilikuwa najiona mjanja, na kwa kweli nilikuwa mjanja.

Kifaa ukikiwasha mara ya kwanza kinakupa maneno kumi na mawili ya Kizungu, kwa mpangilio wake. Jirani akanikalisha chini. "Nisikilize vizuri. Hayo maneno ndiyo pesa yenyewe. Kifaa kikiungua, ukiwa nayo unanunua kingine, unayaingiza, pesa yako inarudi yote. Lakini mtu mwingine akiyajua, hana shida na kifaa chako wala namba yako ya siri. Anakaa kwake, anazichukua." Nilimwelewa. Jamani, nilimwelewa kabisa! Mtu asije akasema yule mama wa vitenge hakufundishwa.

Basi ikabaki kujua maneno yakae wapi. Kifaa kilikuwa dukani, katikati ya majora. Duka la mbao, umeme wa kuunga, moto ukitokea unaondoka na kila kitu. Nyumba yangu ni ya kupanga na mwenye nyumba ana funguo za vyumba vyote. Hapo ndipo Usukuma wangu uliponishika. Baba hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Wengine aliwakabidhi kwa huyu, wengine kwa yule, kusudi ugonjwa ukiingia au wezi wakija usiishe mji mzima. Aliyekabidhiwa anakunywa maziwa, analimia, lakini ng'ombe si wake. Ng'ombe akifa, anakuletea ngozi uione kwa macho yako. Baba hakuchagua zizi lenye miiba mirefu. Alichagua mtu.

Na mimi nikachagua mtu. Mdogo wangu, tangu baba afariki, ndiye anayeshika mifugo yetu na ya watu wengine pale Mwamkulu. Watu wazima wanamletea ng'ombe wao bila shahidi. Nimemwona kwa macho yangu akitembea kwa mguu kwenda kumpelekea mtu ngozi ya ndama, ndama tu, na mvua inanyesha. Nani angekuwa salama zaidi? Niambieni nyie.

Nilikwenda jioni, ng'ombe wakirudi. Mdogo wangu Kizungu hajui na kuandika hapendi, nami sikutaka karatasi ibaki popote. Akasema, "Dada, nipe moja moja, nitawapa ng'ombe." Sikumwelewa mpaka alipoanza. Ng'ombe wetu wana mpangilio wao wa kuingia zizini, anayetangulia ni yuleyule na anayefuata ni yuleyule. Neno la kwanza akampa jike jekundu linaloongoza. Neno lenye maana ya daraja akampa dume jeusi. La tatu lilimsumbua ulimi, akampa ng'ombe kilema, akacheka, "Huyu naye anasumbua." Mpaka wa kumi na mbili anaingia, kila neno limeshapata mwenyewe. Nilimrudisha nyuma, nikamuuliza dume jeusi nani, akajibu. Nikamuuliza kilema, akajibu. Nililia kidogo kwa furaha, sioni aibu kusema. Nilirudi mjini nimetulia kama mtu aliyekabidhi mifugo mahali pazuri, nikageuza akiba yangu yote kuwa zile dola za mtandaoni.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akaoa. Tulifurahi! Alikuwa amepita umri, wenzake wote wana watoto wa kuchunga, yeye bado anapikiwa na mama. Nikamuuliza mahari ameipataje, maana wakwe walitaka ng'ombe wengi na hakutoa hata mmoja wa zizini, alinunua wote mnadani. Akasema ameuza mpunga na wajomba wamemchangia. Nikamwamini. Nilitoa vitenge dukani kwa ajili ya mama mkwe wake na mashangazi, doti nzuri nzuri, sikumdai hata shilingi. Siku ng'ombe wanapelekwa, mimi ndiye niliyetangulia barabarani na vigelegele. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wanawake wenzangu wakanitania, "Wifi umeringa, kama vile umetoa mahari wewe!"

Mavuno yalipokaribia, fundi niliyemwagizia mashine ya kukoboa akaniambia nilipe, mzigo uko njiani. Nikakaa dukani, nikafunga mlango nusu, nikachomeka kifaa changu kwenye simu. Sifuri. Nikachomoa, nikachomeka tena. Sifuri. Nikamwita jirani kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Alikuja mbio, akaangalia, akanionyesha. Kwenye hizi sarafu kila kinachotoka kinaonekana, hakifutiki. Pesa yangu ilikuwa imetoka yote kwa mara moja, na siku iliyotoka ilikuwa kabla tu ya mnada ule alionunua ng'ombe wa mahari.

Jirani akasema polepole, "Shoga, hapa hakuna aliyevunja. Aliyetoa alikuwa na maneno. Ulimpa nani?"

Nilicheka. Wallahi nilicheka, na mimi si Mwislamu. Kisha nikakaa juu ya majora.

Nilipanda pikipiki mpaka Mwamkulu. Nilimkuta anakamua. Nilikuwa nimejiandaa akatae, nimeshapanga nitakavyombana. Hakukataa. Akamaliza kukamua, akaweka kibuyu chini, akasema, "Nilichukua, dada. Nilikwenda kwa fundi simu mjini, akanisaidia kuzitoa."

"Ng'ombe wa mtu akifa unamletea ngozi," nikamwambia. "Mimi umeniletea nini? Umekuja kwangu umekula ugali!"

Akanitazama bila hata kuinamisha macho, na hapo ndipo nilipoumia kuliko kwenye ile sifuri. "Dada, ulipoolewa, ng'ombe wa mahari yako ndio walikuwa wa kunioza mimi. Unajua hivyo. Ukaachika, baba akawarudisha kwa mume wako, mimi nikabaki. Miaka yote nimebaki. Sijakuibia. Nimechukua wa kwangu."

Niliachika kwa sababu yule mwanaume alikuwa ananipiga mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Mdogo wangu anajua. Yeye ndiye aliyekuja kunichukua, akanibeba kwenye baiskeli. Na kumbe njia nzima, huku ananibeba na damu yangu inamchafua shati, alikuwa anahesabu ng'ombe wake. Nilimtukana, nikapanda pikipiki nikarudi mjini.

Wajomba wakakaa kikao. Nilivaa vizuri, nikaenda na simu yangu kuwaonyesha. Mjomba mkubwa akauliza, "Ng'ombe gani amepotea?" Nikasema hakuna. "Hiyo hela ilikaa sanduku gani?" Nikaeleza. "Nani aliiona kwa macho?" Nikawaonyesha simu, ikapita mkono kwa mkono, mmoja akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya, wakasema tumsamehe kijana, mke ameshaingia, tusivunje nyumba mbili. Mke mwenyewe, mtoto wa watu, alituletea chai. Yeye sina neno naye. Jirani yangu alitaka twende polisi, na nilifika mpaka kwenye kona ya kituo. Nikamwona mama akilini, amebeba chakula kwenye kitambaa anampelekea mwanawe mahabusu. Nikageuza.

Mashine ile aliinunua mtu mwingine. Mwamkulu bado wanapakia magunia kwenda mjini.

Nilianza upya, kidogo kidogo. Kifaa ni kilekile, lakini nilikifuta, kikanipa maneno mapya. Nilikaa nayo ndani nikayakariri kama mtoto wa chekechea, nikachoma karatasi. Safari hii sikufikiria zizi la mtu yeyote.

Mama alikuja dukani baada ya mavuno. Sisi tunamwita mayu, kama Wasukuma wote. Alikaa kwenye kigoda, akashika kitenge hiki akakiacha, akashika kingine. Nikamwambia wazi kwamba bado nina uchungu na mwanawe, kwamba mtu akikuzunguka namna ile huwezi kumsalimia kwa moyo mmoja.

Akasema, "Usimlaumu peke yake. Alikuja kuniuliza kwanza. Nikamwambia chukua."

Nilidhani sikio langu bovu limenidanganya. Nikageuka nikampa la upande mwingine. Akarudia vilevile.

"Mayu, mbona hukuniuliza mimi? Ungeniomba!"

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, na alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto jambo ambalo kila mtu analijua, "ungekuwa wa kiume tungekuomba. Cha binti ni cha nyumbani. Nani anaomba cha nyumbani kwake?"

Mteja aliingia, akauliza bei, nikamtajia bei isiyo sahihi, akatoka. Tukabaki sisi wawili. Yule ndiye niliyetaka asilale tena juu ya magunia. Kila siku niliyokula mlo mmoja nilikuwa namnunulia yeye mashine.

Baadaye akauliza, "Na hayo maneno mengine, mapya, sasa umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mayu."

Alikunja kitenge alichokuwa amekishika, akakirudisha palepale alipokitoa, akatafuta kandambili zake kwa mguu chini ya kigoda. Alipofika mlangoni akageuka.

"Basi siku ukifa, pesa zitakufa na wewe."

Nikamwambia ndiyo, zitakufa na mimi.